Risiti ninayo, lakini

Nilikuwa na kiburi kazini: mimi siibi nyimbo. Wenzangu wanateremka River Road, Nairobi, kujaziwa flashi nyimbo za wizi, mimi nalipa kwa kadi kwenye tovuti moja ya ng'ambo, albamu nzima kwa bei ya chapati mbili. Risiti zote ninazo.

Biashara ya aina hii si ngeni. AllOfMP3 ya Moscow iliuza muziki kwa megabaiti, kama nyama ya kupimwa, wakati iTunes ikitoza senti 99 za dola kwa wimbo mmoja. Ilijitetea kwamba ina leseni ya ROMS, chama cha Urusi cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo; makampuni ya rekodi yakasema hayakuwahi kukipa chama hicho ruhusa yoyote. Kampuni ya kadi ya Visa ikakataa kupitisha malipo. Marekani nayo ikaibana Urusi, iliyokuwa inabisha hodi Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2007 tovuti ikafungwa. Agosti hiyohiyo mahakama ya Moscow ikamwachilia aliyekuwa bosi wake, Denis Kvasov.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ni halali, nitakuuliza halali ya wapi. Moscow wana yao, sisi Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Mwimbaji mwenye wimbo, sheria zote mbili zinampita. Na kijana wa River Road, kusema kweli, namheshimu kidogo: hakupi risiti ya kukutuliza roho.

Kilichoniumbua ni jirani yangu hapa Umoja, mzee aliyepiga gitaa la besi kwenye bendi ya benga. Jumapili moja nikamwonyesha santuri yao kwenye ile tovuti, nikidhani nampa habari njema. Akavaa miwani, akasogeza simu karibu na pua.

"Hili jina wamelikosea," akasema. "Na huyu kwenye picha simjui."

"Mzee, hawajawahi kukutafuta?"

"Nani anitafute? Hata hawa wetu wa chama mjini wakinitumia mirabaha, haifiki nauli ya kuifuata."

Nikaona aibu, nikaanza kuifunga simu. Akanishika mkono.

"Ngoja kwanza. Kanda yangu ililiwa na redio zamani, sina hata nakala moja. Hebu ninunulie huo wa tatu."

Nikalipa. Risiti ikaingia kabla wimbo haujamaliza kushuka.