Una GPA ya kuungaunga ila LSAT imekaa vizuri: uombe au utulie?

Mpwa wangu alitoka chuo na GPA ya 2.9. Kwa kipimo chetu cha tano hiyo ni daraja la pili la chini, sio disko, sio kitu cha kuficha, ila ni ile GPA ambayo shangazi akikuuliza kwenye harusi unajibu "namshukuru Mungu nilimaliza" afu unaomba soda. Sasa kijana kafanya LSAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya sheria Marekani, kaja na 170. Alama zinaanzia 120 zinaishia 180, na 170 ni sehemu ambayo kwenye watu mia wanaofika ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Toka siku hiyo hapa Mwanga, Kigoma, hatulali, nusu ya ukoo inasema aombe, nusu inasema aache kuchezea hela ya mawese ya bibi yake.

Kwa asiyejua, kule sheria huisomi ukitoka form six. Unamaliza kwanza digrii ya kitu chochote, huyu wetu alisoma sosholojia, afu ndo unaomba JD, yaani digrii yao ya sheria ya miaka mitatu. Vyuo vinaangalia vitu vingi ila viwili ndo vinabeba mzigo, GPA ya digrii ya kwanza na LSAT. Kimoja kikiwa juu kingine kimelala ndo unakuwa kama yeye, mguu mmoja ndani ya boti mwingine bado uko kwenye mchanga wa Kibirizi.

Upande wa wanaosema aombe wana hoja nzito kuliko wao wenyewe wanavyojua. Kila mwaka vyuo vya sheria vya Marekani vinatakiwa kutangaza alama za wanafunzi waliowachukua, na namba inayoogopwa ni ile ya katikati, yaani ukiwapanga wote mstari mmoja, alama ya yule aliyesimama katikati kabisa. Hizo namba zinaingia kwenye orodha za ubora wa vyuo na wakuu wa vyuo wanazitolea jasho. Sasa fikiria, namba ya katikati haijali umekaa chini kiasi gani. Ukishakuwa chini ya katikati, 2.9 na 3.4 zinamuumiza mkuu wa chuo sawasawa. Ila 170 kwenye chuo ambacho katikati yake ni 167 inamsaidia. Kwa hiyo mtu wa aina hii chuo hakimchukui kwa huruma, kinamchukua maana kuna hesabu inakaa sawa.

Afu kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui kabisa. Matokeo ya chuo yanapitia LSAC, ndo hao hao wenye LSAT. Mtu aliyesoma nje ya Marekani na Kanada LSAC hawambadilishii alama zake kuwa GPA ya kipimo chao cha nne. Wanamwandikia kwa maneno tu, kwamba huyu ni wa juu sana, ni juu ya wastani, ni wa wastani au chini yake. Maana yake ile 2.9 haiingii kabisa kwenye ile namba ya katikati! Kijana wa Ohio mwenye GPA mbovu anakishusha chuo, kijana wa Kigoma mwenye GPA mbovu hakishushi. Mpwa wangu alikuwa anachukua 2.9 yake ya kipimo cha tano anaiweka pembeni ya GPA za watu wa Harvard za kipimo cha nne anakosa usingizi, kumbe analinganisha debe na ndoo.

Ila sasa, kutohesabiwa sio kutosomwa. Kuna mtu ataifungua transkripti na kuona sup mbili za mwaka wa kwanza, na hapo ndo upande wa shangazi unapoanza.

Shangazi hana LSAT lakini ana akili ya sokoni. Anasema mtihani wa saa mbili na nusu unaweza kuubutua siku ukiwa umelala vizuri, GPA ni miaka mitatu ya kuamka. Na kiukweli tafiti za LSAC wenyewe zinakubaliana naye kwa sehemu. Zinaonyesha LSAT inabashiri alama za mwaka wa kwanza wa sheria vizuri kuliko GPA, ila vyote viwili pamoja vinabashiri vizuri kuliko kimoja peke yake. Yaani GPA ina kitu inasema ambacho mtihani hausemi. Na mwaka wa kwanza wa sheria kule sio mchezo, unasoma makesi usiku na mchana, mara nyingi somo zima linaamuliwa na pepa moja mwisho wa muhula, na alama zinagawiwa kwa kulinganisha darasa, wote mkiwa wakali bado lazima mtu awe wa mwisho.

Mi nilitaka kujua huo mtihani unapima nini maana "test ya akili" hainiingii. Nikakaa naye jioni moja Kibirizi, wamama wanaanua dagaa, simu imewekwa dakika 35 maana ndo muda wa kila sehemu. Toka Agosti 2024 waliondoa ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na viti, imebaki kusoma kwa ufahamu na kuchambua hoja. Nikamwomba anitungie swali la hoja la kwetu. Akasema hivi: "Kila mwezi ukiwa mpevu dagaa wanapanda bei. Kwa hiyo mbalamwezi inaua dagaa. Kosa liko wapi?" Mama mmoja pembeni akacheka hata kabla sijafungua mdomo, akasema mwanangu dagaa hawajafa, wavuvi ndo hawajaenda, taa zitavuta nini kukiwa kweupe. Basi ndo LSAT hiyo. Unapewa hoja imevaa suti, unatafuta pale ilipochanika. Hakuna cha kukariri, hakuna madesa, na ndo maana mtu aliyefeli kwa kukosa muda wa msuli anaweza kuupiga, na mtu wa GPA ya 4.5 aliyoipata kwa kukariri anaweza kukwama.

Hili la pili tunalijua vizuri hapa kwetu. Mnakumbuka Oktoba 2022, matokeo ya Law School of Tanzania, ile shule unayopita baada ya digrii ya sheria ili uwe wakili, yalivyozua kelele nchi nzima, watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wa kurudia 342, waliofeli 265. Wote hao walikuwa na digrii ya sheria mkononi. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe kuchunguza. Sisemi nani alikuwa na kosa, vyuo au ile shule, nasema tu alama za chuo na mtihani unaofuata vinaweza kupishana vibaya mno, kwa hiyo anayesema "GPA ndo mtu mwenyewe" ajipe nafasi ya kupumua.

Kinachoniogopesha mimi ni hela, na hapa nakaa upande wa shangazi bila kujificha. Mtihani wenyewe zaidi ya dola 200, kupeleka vyeti LSAC zaidi ya dola 200 nyingine, afu kila chuo unakolipeleka faili lako unalipia tena. Hiyo ni nauli tu. Ada ya vyuo vikubwa imepita dola 70,000 kwa mwaka kabla hujala. LSAT ya juu inaleta ufadhili, hilo kweli, vyuo vya kati vinapenda kununua alama za aina ile. Lakini kuna ufadhili wenye masharti, unapewa mwaka wa kwanza na kuendelea kwake kunategemea ubaki juu ya alama fulani, na alama zenyewe ndo zile za kulinganisha darasa. Mtu aliyeanza chuo vibaya mara ya kwanza akianza vibaya tena anabaki na deni ugenini. Nimemwambia barua ya ufadhili aisome kama anavyosoma swali la dagaa. Na akirudi, JD haimrukishi Law School yetu kama anataka kuwa wakili hapa.

Pamoja na hayo yote mi nasema aombe. Sio kwa sababu ya 170 peke yake. Ukiifungua ile 2.9 ndani utakuta mwaka wa kwanza ana 2.1 na wa mwisho ana 3.7. Ule mwaka wa kwanza marehemu shemeji alikuwa anaumwa na kijana alikuwa anashindia bandani anauza mawese yanayoshuka kwa treni. Afu toka amalize ana miaka mitatu anatafsiri Kirundi na Kiswahili kwa wakimbizi kule kambi ya Nyarugusu, anakaa katikati ya mtu anayesimulia alivyokimbia na afisa anayeandika. Kuna vyuo kama Northwestern vinapenda sana mtu aliyekwisha fanya kazi. Harvard nimemwambia aweke moja ya kubahatisha tu, kule katikati yao miaka ya karibuni ni kama 174. Nyingine aziweke pale ambapo 170 ni juu ya katikati yao, na atume mapema dirisha likifunguliwa Septemba maana wanajaza kadiri wanavyosoma, sio kama sisi tunaosubiri siku ya mwisho.

Kilichobaki ni ile barua fupi ya kueleza GPA. Ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, ina mhadhiri aliyemchukia, ina chumba kilichovuja, ina umeme. Nikamwambia anko, huyo anayesoma anataka kujua vitu vitatu, nini kilitokea, kiliisha lini, alama zikafanyaje baada ya hapo. Tukakata mpaka mistari tisa. Mhadhiri katoka, umeme umetoka, ila chumba kilichovuja hataki kukitoa, jana tumebishana mpaka bibi yake akatuzimia taa.