Waya Haukuwa na Maneno

Nani aliulalamikia waya? Nataka nimjue. Waya wa iafoni, zile za kusikilizia masikioni, ulikuwa na kosa moja tu, kujifunga mafundo mfukoni bila mtu kuugusa, na mafundo yenyewe ulikuwa unayafungua kwenye foleni ya Buguruni ambako muda upo. Zaidi ya hapo haukuwa na maneno. Unachomeka, unasikia. Haukuuliza jina lako, haukutaka ruhusa, haukutaka chaji. Mtu akikuazima anachomeka kwake, akimaliza anarudisha, na hakuna undugu uliobaki hapo.

Halafu mwaka 2016 ikatoka iPhone 7 haina lile tundu la milimita 3.5. Watu wakacheka, na kampuni nyingine zikacheka. Zilipomaliza kucheka zikaanza kuziba matundu yao mojamoja, kimyakimya. Mimi iPhone sina wala sina mpango nayo, lakini mambo ya wakubwa huku kwetu hufika tu, hata kama hukuyaagiza. Simu yangu ya zamani ilipokufa nikanunua nyingine, nikaigeuza juu, nikaigeuza chini. Tundu la chaja lipo. Kitundu cha maikrofoni kipo. Cha kutolea laini kipo. La iafoni hakuna. Muuzaji akaniangalia, akasema, "Bosi, siku hizi ni Bluetooth," kwa sauti ya daktari anayekwambia kuanzia leo chumvi basi.

Nikateremka Kariakoo. Iafoni za Bluetooth zimemwagwa mezani, zote nyeupe, zote na kiboksi chake, zote "orijino kabisa". Nikauliza orijino gani inauzwa elfu kumi na tano. Kijana akajibu bila kupepesa macho: "Hii ni orijino ya Dubai, mzee wangu." Sikubishana. Dubai imeshasingiziwa mengi, na hili nalo italibeba.

Pale mezani mambo yalikuwa mepesi. Kijana alifungua kiboksi, taa nyekundu na bluu zikapokezana, akagusa kioo cha simu yangu kwa kidole cha mwisho, na dada mmoja ndani ya sikio akatangaza kwa Kiingereza kwamba tumeunganishwa. Muziki ukaanza. Nikalipa. Nilipofika nyumbani Tabata dada yule hanijui. Anasema yuko tayari kuunganishwa. Anasema tena yuko tayari. Mimi pia niko tayari! Sasa anayekataa ni nani?

Nafungua orodha ya vifaa vilivyo karibu. Jamani, mtu akitaka kuwajua majirani zake asihangaike na balozi wa nyumba kumi, afungue Bluetooth usiku. Kuna sabufa ya upande wa pili wa ukuta. Kuna tivii ya mpangaji wa mbele, ambaye wiki nzima ananiambia hana hela hata ya kununua umeme. Kuna simu mwenyewe ameibatiza "Usinizoee". Kuna nyingine inaitwa "Mume wa Mtu", na kwa heshima ya mtaa sikutaka kuchunguza. Kuna mstari wa herufi na namba zilizotenganishwa kwa nukta mbilimbili ambao mpaka leo sijui mwenyewe nani, ila nalishuku friji. Na iafoni yangu ipo. Ipo mara tatu, jina lilelile, kwa sababu mtaa mzima tulinunua meza ileile. Nikagusa ya kwanza: imeshindikana. Nikagusa ya pili, ikaniomba namba ya siri. Mwanangu wa kidato cha pili, ambaye akiitwa kuchota maji hasikii, hili alilisikia akiwa chumba cha mwisho: "Baba, weka sifuri nne." Hiyo ndiyo siri. Sifuri nne.

Ikakubali, sikio la kulia tu. La kushoto linawaka taa peke yake, linatangaza kwamba liko tayari kuunganishwa, na mimi nalitazama. Kumbe hizi mbili kabla ya kuijua simu zinatakiwa kwanza zijuane zenyewe, moja iwe kiongozi na nyingine ifuate. Zikikosana, kila moja inaitafuta simu kivyake. Yaani nimelipa elfu kumi na tano nikae kikao cha usuluhishi. Na dawa ni ileile kwa kila ugonjwa: "Baba, zirudishe kwenye kiboksi, funga, fungua." Nilidhani mtoto anabahatisha. Nikachukua kile kikaratasi cha maelekezo, kimeandikwa kwa maandishi ya ukubwa wa chembe ya mchanga, nikasogea dirishani, nikasoma. Rudisha kwenye kiboksi, funga, fungua.

Kiboksi nacho kina chaji yake. Iafoni inachajiwa na kiboksi, na kiboksi kinachajiwa na waya. Waya! Tena si waya wa simu, simu inatumia Type-C, kiboksi kinataka ile pini nyembamba ya zamani, ambayo nyumba nzima tuliitupa tulipohama. Kwa hiyo ili niishi bila waya nimeongeza waya wa pili. Na chaji ikikaribia kwisha, yule dada anaanza kutangaza kwamba chaji inakwisha. Anatangaza kila baada ya muda mfupi, kwa nguvu, mpaka ile kidogo iliyobaki inaisha kwa kutangaza.

Nikaamua nisome, maana huwezi kugombana na kitu usichokijua. Mambo haya yalianzia kwa wahandisi wa Ericsson kule Sweden mwaka 1994, walitaka kuondoa nyaya kati ya vifaa. Yanatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na hapo ndipo pana msongamano, kwa sababu Wi-Fi iko hapohapo na jiko la maikrowevu liko hapohapo. Ili zisigongane, Bluetooth ya kupeleka muziki inarukaruka kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde. Mara 1,600! Mimi kuhama siti moja kwenye daladala naomba radhi kwa watu watano. Niliposoma hapo nikaionea huruma kidogo.

Huruma ikaisha nilipofika kwenye suala la maji. Mawimbi hayo yananyonywa na maji, na mwili wa binadamu zaidi ya nusu yake ni maji. Simu iko mfuko wa kushoto wa suruali, iafoni kiongozi iko sikio la kulia, na katikati nipo mimi. Ndiyo maana muziki unakatikakatika ninapokaa! Kitambi changu, ambacho ukweni kinahesabiwa kuwa ushahidi kwamba binti yao anapika, kinakunywa taarabu. Nimekuwa nikisikiliza nyimbo nusunusu miezi yote hii, beti nyingine zimebaki tumboni. Na ukipanda daladala saa kumi na mbili jioni, ukasimama na begi mgongoni kwa mwenzako na kwapa la mwingine usoni, hapo usitegemee kusikia kitu, maji ya binadamu yamekuzunguka pande zote.

Tuache muziki, twende kwenye filamu. Sauti inachelewa kidogo kufika, si sana, kiasi tu cha kukutia wazimu. Mama mkwe wa kwenye filamu anainua mkono, anamzaba mkwewe kibao, mkwe anashika shavu, analia, anakimbilia chumbani, ndiyo unasikia "paa!" Unajiuliza hicho kibao sasa kapigwa nani.

Lakini mateso yenyewe ni kupokea simu. Zamani mtu akikuona umeshika simu sikioni anajua unaongea na simu. Siku hizi unaongea na hewa. Nimekaa kwenye daladala, karibu yangu mzee wa watu na kofia yake ya kiua, ametulia. Mama mkwe wangu wa kweli akapiga. Nikapokea kwa kugusa sikio.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu," akasema mzee. "Habari za nyumbani?"

Ungefanyaje? Umwambie mzee sikukuamkia wewe? Nikasema, "Nzuri, wote wazima," jibu likawatosha wote wawili. Mama mkwe akauliza mbona sauti yangu iko mbali. Mzee akauliza nashukia wapi. Nikajibu Tabata Shule, mama mkwe akasema sikukuuliza hilo, nimekuuliza ile hela. Nikasema kwa unyenyekevu wote, "Nitakutumia jioni, wala usiwe na wasiwasi." Mzee akanigeukia na uso umejaa nuru. Akaingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa kisimu chake cha vitufe, akakisogeza mbali na macho.

"Mungu akubariki. Andika namba."

Kujikuna sikio nako ni hatari. Ukiligusa mara moja muziki unasimama, mara mbili wimbo unaruka au simu inampigia mtu wa mwisho uliyeongea naye. Mbu wa Tabata wananifanya nimpigie msimamizi wangu wa kazi saa tano za usiku.

Yote haya ningeyavumilia. Watu wanadhani ubaya wa Bluetooth ni kukataa kuunganishwa. Hapana, hilo ni dogo. Ubaya wake ni kutosahau. Waya ukiuchomoa mmeachana, kila mtu na njia yake. Hii ukiunganishwa nayo mara moja, hata kwa dakika mbili, hata kwa kumsaidia mtu, imekuandika.

Pale mtaani kinyozi wetu ana sabufa. Siku moja niko kwenye kiti, akaniomba niweke wimbo kutoka kwenye simu yangu, yake haikuwa na bando. Nikaunganisha, tukasikiliza, nikanyolewa, nikalipa, nikaondoka. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa limekwisha. Sabufa haikuliona hivyo.

Jioni moja napita mbele ya kile kibanda, iafoni masikioni, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mwekahazina wa kikoba chetu. Huyu mama voisi zake ni ndefu, huwa nazisikiliza nikiwa natembea ili muda usipotee bure. Nikabonyeza. Kimya. Nikajua ni mambo yaleyale, kitambi, maji. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Hapo nikamsikia. Sikioni hamna kitu. Nilimsikia mtaani.

"...hili rejesho la wiki iliyopita hatujaliona, na la wiki hii unatuambia subirini, sasa tusubiri mpaka lini, na wewe ni mtu mzima, una familia..."

Ile besi ya sabufa ilimpa mwekahazina sauti ya mkutano wa hadhara. Mashine ya kunyolea ikazimwa. Mama wa maandazi akashika mwiko hewani. Bodaboda wawili kijiweni wakavua helmeti wapate kusikia vizuri. Mimi natafuta kitufe, vidole vimeota jasho, kioo hakinitambui, na voisi ndiyo kwanza imefika kwenye riba. Nikaona bora nikimbie nitoke nje ya zile mita kumi ambazo Bluetooth inafika, na ndivyo nilivyofanya, mtu mzima na kitambi changu, huku nyuma mwekahazina akinisindikiza kwa kuniita Baba Fulani, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni. Swali lilikuwa moja, fupi: "Rejesho la mkopo upi?"

Mwanangu akanionyesha kwenye simu mahali pa kufuta kumbukumbu. Simu ikaniuliza kama nina uhakika nataka kukisahau kifaa hiki. Sijawahi kuwa na uhakika kiasi hicho maishani. Lakini kumbe kusahau ni pande mbili. Mimi nimeisahau sabufa, sabufa haijanisahau, inatakiwa nayo ifutwe, na kinyozi hajui kwa kubonyeza, maandishi ya vitufe yameshafutika kwa mafuta ya nywele. Nikipita, simu inatetemeka: kifaa kile kinaomba kuunganishwa. Nakataa. Nikirudi jioni kinaomba tena.

Siku hizi nazungukia uchochoro wa nyuma. Juzi mvua ilikuwa imejaza uchochoro, nikalazimika kupita mbele. Kinyozi akaniita kutoka mlangoni.

"Kaka, mbona unatukimbia? Wateja wanaulizia, lile rejesho ulimaliza?"

Nikasema nimemaliza. Mle ndani, mteja aliyejaa povu kidevuni akainua kichwa kwenye kiti.

"Na yule mama," akasema, "ana mume?"