Nyumba Yako, Luku Yangu

Wapangaji wenzangu, hivi ni mimi tu?

Juzi usiku umeme umekata, kuku wa wiki nzima yumo kwenye friji. Natoa elfu tano yangu ya mwisho, nanunua luku, umeme wa kulipia kabla. Ujumbe unaingia, nasoma: 1,500 imeshakwenda kodi ya jengo. Jengo gani? Langu? Mimi hata msumari wa kutundika kalenda naombea ruhusa!

Hapa Tanzania, tangu 2021 kodi hii inakatwa kwenye umeme. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, 2023 ikapanda. Kwenye makaratasi mlipaji ni mwenye mali. Sawa. Lakini mita inajua nani ana hati? Inamkata anayenunua umeme. Ambaye ni mimi, niliyesimama gizani na tochi ya simu mdomoni, nabonyeza tarakimu 20, nakosea ya 17, naanza upya.

Haya, kamdai baba mwenye nyumba. Nilijaribu. "Shikamoo mzee, kuna ile elfu na mia tano..." Akanitazama kama nimemwomba figo. "Kwani umeme anatumia nani?" Halafu, kwa upole kabisa, akanikumbusha miezi sita yangu inaisha na pango linapanda.

Wasomi wanabishana redioni mali igawanywe vipi kati ya walionacho na wasionacho. Waje uani kwetu! Sisi tumeshagawana: yeye nyumba, mimi kodi yake.

Na friji lenyewe bado linavuja.