Hakuna aliyemwambia Mama asimame

Mwezi wa tatu nilitibiwa mishipa iliyovimba na kujisokota ya mguu wa kushoto hapa Leicester, Uingereza, nikarudi kwangu siku hiyo hiyo. Hakuna kulazwa, hakuna nusu kaputi. Daktari alipaka jeli, akaufuata mshipa kwa altrasaundi, akapitisha uzi mwembamba wa leza kwenye tundu la sindano karibu na goti hadi kinenani. Kilichouma ni sindano za ganzi kuuzunguka mshipa. Joto likauziba, damu ikahamia mishipa ya ndani, nami nikavishwa soksi ya kubana na kuambiwa nitembee.

Nikiweka picha kwenye kundi letu la watu wa Kigoma, najua jibu: "Bongo hakuna kitu." Sikubaliani nalo, ingawa hasira ninayo.

Mama yangu ameuza dagaa Kibirizi, Kigoma, zaidi ya miaka thelathini, kusimama kutwa, na ametuzaa saba. Miguu yake ina mishipa iliyojisokota kama mizizi ya mwembe. Kidonda kilimtoka juu ya kifundo, upande wa ndani. Majirani walisema amekanyaga dawa ya mtu. Zahanati walipima sukari, hana. Wakaosha, wakafunga, wakampa vidonge, rudi keshokutwa. Miaka miwili ya keshokutwa!

Kidonda cha namna ile chanzo chake kiko juu zaidi mguuni. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zina vilango vya kuzuia damu inayopanda isirudi. Vikilegea, damu inatuama chini, ngozi inakuwa nyeusi na ngumu, kisha inapasuka. Unaweza kuosha mpaka maji ya Tanganyika yaishe.

Huku mwongozo wa mwaka 2013 unataka kidonda chini ya goti kisichopona ndani ya wiki 2 kipelekwe kwa wataalamu wa mishipa. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2018 ulionyesha kwamba mshipa ukizibwa mapema, nusu ya wagonjwa hupona kidonda ndani ya siku 56, badala ya 82 ukicheleweshwa. Ila msidhani huku ni peponi. Mimi nilisubiri miezi kumi na moja, na soksi nilijivalisha mwenyewe nikilia, wakati Mama ana wajukuu wanaogombania kumchotea maji.

Leza ni ghali, na ije itakapokuja. Ila altrasaundi nyumbani ninaziona, tatizo tunaziuliza habari za mimba tu. Kuna dawa ya povu inayochomwa ndani ya mshipa bila leza. Kuna bandeji ya kubana, ambayo peke yake inasaidia sana, mradi mapigo ya damu mguuni yapimwe kwanza, kwa sababu mguu wenye ateri mbovu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, ukibanwa unaoza. Hayo yanahitaji mtu aliyefundishwa, na aliyefundishwa anaanza na jambo lisilogharimu senti: anamsimamisha mgonjwa. Ukilala, mishipa inanywea. Mama kwa miaka miwili alitazamwa akiwa amelala kitandani, kanga imefunuliwa mpaka kifundoni tu.

Juzi kwenye simu nilimwomba dada amsimamishe dirishani. Mishipa ikajaa mpaka pajani, dada akanyamaza.

"Mama, kesho kutwa mwambie daktari akuangalie umesimama."

"Mwanangu, nimsimamie daktari na kanga juu? Ataniona sina adabu."