Kinga ya Malaria Tunayo, Utafiti Wake Tuusimamie

Mwaka 1961 watafiti wa kutoka Uingereza waliokuwa Gambia walichukua kingamwili (protini za kinga) kutoka katika damu ya watu wazima waliokulia penye malaria, wakawapa watoto waliokuwa wakiugua, na vimelea vikapungua sana katika damu ya watoto hao. Namna kinga hiyo inavyojengeka haijaeleweka kikamilifu hadi leo, na kwa maoni yangu vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ndivyo vingepaswa kuongoza utafiti wake.

Chanjo mbili zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 ya Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2023, zilijaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo na Kilifi, miongoni mwa wengine. Si za kubezwa hata kidogo. Hata hivyo, katika jaribio kubwa la RTS,S, dozi nne zilipunguza matukio ya malaria kwa asilimia 36 hivi katika muda wa takriban miaka minne, kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17. Zote mbili humlenga mdudu (yaani kimelea cha malaria) kabla hajaingia kwenye ini, ilhali kinga ya mtu mzima wa pwani hupambana naye hasa akiwa tayari kwenye damu. Yaani zimeacha kando silaha ambayo miili yetu imeinoa kwa miaka mingi.

Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi wameonyesha kwamba kazi ya kuichunguza kinga hiyo inawezekana. Watu wazima waliojitolea waliambukizwa vimelea hai chini ya uangalizi wa madaktari, na baadhi yao wakavidhibiti bila dawa. Kituo hicho kimekuwapo tangu 1989 na kimewakuza watafiti wengi wa shahada ya uzamivu, lakini kwa sehemu kubwa kinategemea fedha za Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, na mfadhili (hata awe mwema namna gani) ndiye anayeamua swali lipi lianze.

Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kenya na Tanzania hazijaifikia. Zikianza, fedha za kwanza ziende kwenye vitendanishi (kemikali za maabara), majokofu ya kuhifadhia sampuli yenye umeme usiokatika, na ajira za wahitimu wa uzamivu, ambao wengi wao hurudi nyumbani wakaishia kusahihisha mitihani tu.