Gavana mwenye kodi yake na gavana anayengoja mgao

Kenya, gavana hupimwa kwa barabara na zahanati. Tangu nihamie Minnesota, jimbo la Marekani, naona swali la kwanza lingekuwa: pesa anazitoa wapi? Jibu liko wazi katika maisha ya kisiasa ya Mark Dayton, gavana wa hapa kuanzia 2011 hadi 2019.

Dayton ni wa ukoo tajiri wa maduka yaliyozaa kampuni ya Target. Alikuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo, kisha seneta katika Bunge la Marekani. Mwaka 2010 alishinda ugavana kwa tofauti ya kura zisizofika 9,000, baada ya kura kuhesabiwa upya, akiwa ameahidi kuwatoza kodi zaidi matajiri kama yeye. Alirithi pengo la bajeti la takriban dola bilioni 5 kwa miaka miwili. Warepublican waliolidhibiti bunge wakakataa kodi hiyo. Hapa bajeti isipopitishwa kabla ya Julai 1, wizara hazina idhini ya kutumia pesa; basi serikali ikafungwa siku 20. Bustani za jimbo zilifungwa na ujenzi wa barabara ukasimama. Mwishowe Dayton alikubali kuchelewesha malipo ya shule na kukopa kwa dhamana ya fidia ambayo kampuni za tumbaku hulilipa jimbo. Yalikuwa mapatano mabaya, kwani deni lilisukumwa mbele tu. Lakini uchaguzi wa 2012 uliwapa wenzake wa chama cha Democratic mabunge yote mawili ya jimbo, na 2013 kiwango kipya cha asilimia 9.85 kikawekwa kwa mapato ya juu. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya jimbo kugharimia chekechea ya siku nzima.

Gavana wetu hana nyenzo hiyo. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti kodi ya ardhi na majengo, ya burudani, na ada za huduma. Kodi ya mapato na VAT ni za serikali kuu. Ndiyo maana maseneta walipovutana 2020 kuhusu fomyula ya kugawia kaunti pesa za serikali kuu, kaunti zote zilikwama.

Hata hivyo, hiyo kodi ya ardhi tumeilegeza wenyewe. Nairobi ilitoza kwa thamani za miaka ya 1980 kwa zaidi ya miongo mitatu, huku viwanja vikipanda bei kila mwaka. Mgombea ugavana akija kwenu, mwulizeni orodha ya thamani ya ardhi ya kaunti ni ya mwaka gani, na ni viwanja vingapi vinavyolipa.