Njombe haina majira ya baridi? Kamuulize mwenye kinyungu

Kila ikifika Juni ubishi huu hurudi. Mtu anashuka basi Njombe alfajiri, meno yanagongana, na kabla hajapata chai ameshatangaza kwamba huku kuna majira ya baridi kama Ulaya. Mwenzake aliyesoma jiografia anamcheka. Njombe, anasema, iko nyuzi 9 tu kusini mwa Ikweta. Majira yake ni mawili, ya mvua na ya ukavu, na hiyo baridi imeletwa na mwinuko. Kalenda haihusiki.

Huyu msomi hajakosea. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi joto 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mji wa Njombe uko juu kiasi cha kuwa baridi kuliko Pwani mwaka mzima, hata Januari. Tena ukichukua wastani wa mwezi wenye joto zaidi na wa mwezi wenye baridi zaidi, tofauti yake ni nyuzi 5 au 6 hivi. Moscow tofauti hiyo inakaribia 25. Ukipima kwa mizani hiyo, Njombe haina majira ya joto na baridi ya kuzungumzia. Ndiyo maana vitabu vyetu vya shule hueleza majira ya nchi kwa mvua na kuachana na kipimajoto.

Tatizo langu ni hilo neno wastani.

Tuseme kuna siku mbili za Julai. Ya kwanza imefunikwa na ukungu uliosukumwa na upepo wa kusi kutoka kusini-mashariki: alfajiri nyuzi 11, mchana 15, jua halikuonekana kutwa. Ya pili anga ni jeupe: alfajiri nyuzi 4, mchana 22, watu wamevua makoti saa saba na kuyarudia magharibi. Ukijumlisha kiwango cha chini na cha juu ukagawa kwa mbili, siku zote mbili zinakupa 13. Kwenye jedwali ni mapacha. Shambani, moja imemnyima mtu jua la kuanikia nguo, nyingine huenda imeua viazi.

Wanajiografia wenyewe wana msemo kwamba usiku ndio majira ya baridi ya tropiki. Wanausema, kisha wanarudi kwenye wastani wa mwezi. Wangeukalia kidogo wangeona kwamba usiku wa Njombe wa Januari na usiku wake wa Julai ni vitu viwili mbalimbali. Januari mawingu ya mvua hulala juu ya mji kama blanketi, na joto la ardhi halipati pa kutorokea. Julai hewa ni kavu, mawingu yakiachia hakuna kizuizi, na ardhi inapoteza joto lake usiku kucha kuelekea angani. Kwa hiyo mwinuko unaeleza kwa nini Njombe ina ubaridi kuliko Dar es Salaam. Hauelezi kwa nini jalidi, ule umande unaoganda juu ya majani, humtembelea mkulima wakati huu wa kipupwe na si wakati wa masika.

Na hapa ndipo vinyungu vinapoingia. Asiyevijua: ni bustani za mabondeni ambazo watu wa Njombe na Iringa hulima kiangazi, kwa sababu unyevu wa bonde haukauki hata mvua zikikata. Viazi mviringo, mboga, mahindi ya kuchoma. Ni akili ya miaka mingi, ila ina deni lake. Hewa baridi ni nzito kuliko yenye joto; usiku mtulivu hutiririka kutoka vilimani kama maji na kutuama bondeni. Yaani mahali penye maji ya kiangazi ndipo hapo hapo penye baridi kali kuliko pote. Mwenye shamba la mteremkoni anaamka anakuta majani yake mabichi. Jirani yake wa chini anakuta yamekuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Ni kijiji kimoja, usiku mmoja, na kipimajoto chao cha karibu ni kimoja.

Hata hicho kipimajoto kina kasoro ambayo wachache huitaja. Kwa kanuni za kimataifa hukaa ndani ya kisanduku chenye kivuli, kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Usiku wa anga jeupe, majani yaliyo karibu na udongo yanaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Kituo kinaandika 3, jani la kiazi limeshaganda. Kisha mtu anafungua takwimu na kumwambia mkulima kwamba haikufika sifuri!

Sitaki kuwaonea wapenzi wa wastani. Wazee wakisema baridi ya zamani ilikuwa kali kuliko ya leo, siwezi kuwaamini kwa kumbukumbu tu, maana wakati huo nyumba zilikuwa za nyasi na makoti hayakuwapo. Vipimo vya miaka 30 vikipangwa vizuri ndivyo vinavyoweza kuamua ubishi huo. Kwa kazi hiyo wastani hauna mshindani.

Lakini anayeamua leo wapi apande miche ya parachichi, zao ambalo Njombe imelikimbilia kwa kasi, hasaidiwi na nyuzi 13 za Julai. Mche mchanga wa parachichi ukipandwa bondeni kwa sababu maji yapo karibu, unaweza kuungua kwa usiku mmoja tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kipupwe wa Juni hadi Agosti, na hutaja viwango vya chini vinavyotarajiwa kwenye miinuko. Ni hatua nzuri. Mimi ningeongeza safu moja kwenye jedwali la kila mji wa nyanda za juu: idadi ya usiku ambao kipimo kilishuka chini ya nyuzi 4, mwezi kwa mwezi. Januari ingesoma sifuri. Ya Julai angeisoma mwenye kinyungu kabla hajanunua mbegu.